Biriani ya Upande wa Feni

Mgeni wa Unguja akishatua mzigo hukimbilia Forodhani, na simlaumu. Jua likizama, mbele ya Ngome Kongwe, wauzaji huwasha taa na kupanga mishikaki ya pweza, kamba na samaki juu ya meza, na kila mmoja anakuita rafiki yake wa siku nyingi. Ushauri wangu pale ni mfupi: uliza bei kabla hujauma, na nenda mapema, maana pweza wa saa nne usiku amekwishapashwa moto mara nyingi kuliko anavyostahimili. Ile wanayoiita pizza haina undugu na Italia. Ni unga wa chapati uliotandazwa ukawa mwembamba, ukatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa pembe zote na kukaangwa juu ya chuma. Ishushie na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Jirani hapo ndipo lilipo Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020, na watu husimama kulisikitikia huku mkono mmoja umeshika mshikaki.

Mimi lakini moyo wangu uko kwenye urojo. Mtu wa bara akiuona mara ya kwanza anadhani ni supu iliyoangukiwa na vitu: mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe na ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, vipande vya nyama, chatne ya nazi, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba. Unakula haraka kabla muhogo haujalegea. Siku niliyofika nilikula bakuli mbili za urojo kabla sijaiona hata bahari.

Sasa tatizo la kula Mji Mkongwe si chakula. Ni njia. Vichochoro vimejengwa kana kwamba kila mwenye nyumba aliweka ukuta wake kisha akawaambia wapita njia wajitegemee. Ramani ya simu ikifika humo inachanganyikiwa. Inakuonyesha umesimama juu ya paa la mtu. Inabidi uulize, na ukiuliza unajibiwa kwa adabu kubwa, “Nenda moja kwa moja tu, ndugu yangu,” mahali ambapo hakuna hata hatua kumi zilizonyooka.

Basi jioni ile nilikuwa Jaws Corner, pale wanaume wanapokaa barazani kunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, wakicheza dhumna na kutatua matatizo ya serikali zote mbili. Nikauliza ni wapi nitapata biriani ya kweli. Wakanyamaza wote, hata mwenye zamu ya kucheza. Nikajua nimeuliza jambo la maana. Walibishana kwanza kama mgeni apelekwe kwenye pilau au biriani, wakakubaliana biriani, kisha mzee mmoja akanielekeza kwa mpishi fulani anayeuzia nyumbani kwake.

“Hamna kibao, hamna nini. Pita hapa, kata kushoto kwenye mlango wa misumari, nenda moja kwa moja. Ukiona masufuria makubwa nje na watu wengi, hapo hapo.”

Milango ya misumari niliyoikuta njiani ingetosha kufungia mji mzima. Nilikata kushoto kwenye kila mmoja. Adhana ya magharibi ilinikuta nazunguka, swala ikaisha nikiwa bado nazunguka, na nilipokuwa nimekata tamaa kabisa ikanijia harufu. Hiliki, mdalasini, kitunguu kilichokaangwa kikawa kahawia. Nikaifuata mpaka kwenye uwanja mdogo wenye masufuria makubwa nje na watu wengi. Hapo hapo.

Mlangoni palikuwa na viatu visivyo na idadi. Nikasema moyoni, hoteli ya kuvua viatu, hii lazima iwe safi. Kijana mwenye kanzu nyeupe akanipokea kwa mikono miwili.

“Karibu, karibu sana. Mko wangapi?”

“Niko peke yangu.”

“Basi kaa na hawa, sinia yao imepungukiwa mmoja.”

Nikaupenda utaratibu huo. Kwetu mtu mmoja anakalia meza ya watu wanne na gazeti lake. Nikajipenyeza mkekani, mwingine akaja na birika na bakuli, akaninawisha mikono. Huduma gani hii! Jirani yangu, mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya vitobo, akanigeukia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe wa upande gani?”

“Hapa hapa panatosha, mzee. Upande huu wa feni.”

Sinia zima lilicheka. Nikacheka na mimi, ingawa sikuona kichekesho kilipo.

Biriani yenyewe sitaisahau. Wenzetu hawaichanganyi. Wali unakuja mweupe wenye mistari ya zafarani, punje moja moja, na rojo la nyama, mtindi na nyanya linamiminwa juu yake, kila kimoja kimepikwa kivyake. Nyama ilikuwa ya mbuzi, ikiachia mfupa yenyewe. Nilipomaliza upande wangu wa sinia nikamwita yule kijana nikamwambia aniongezee nyama, na pilipili kama ipo. Akaleta mbio. Wale wenzangu wakaniangalia kwa heshima fulani hivi.

Nikaona nipange na kesho. “Mzee, hapa mnafunga saa ngapi?”

“Imeshafungwa, mwanangu. Baada ya laasiri, pale msikitini.”

Nikaelewa hivi: hoteli imefungwa tangu laasiri, wamekwenda kuswali, na hiki kinachogawiwa ni cha wateja maalumu. Nikajiona mwenye bahati.

“Na mwenyewe yuko?”

“Yule pale, mwenye joho.”

Kweli, pembeni alikaa kijana mwenye joho jeusi la mapambo ya dhahabu, kilemba, na jambia kiunoni. Niliwahi kuona wenye hoteli wakivaa vizuri ili kuvutia watalii, lakini huyu alikuwa amezidi. Watu walikuwa wanamwendea mmoja mmoja kumpa mkono. Mimi ni nani nisiende? Nikanawa, nikamfuata.

“Hongera sana, bwana. Umejitahidi.”

“Ahsante, ndugu yangu. Ahsante kwa kuja.”

“Haikuwa rahisi, najua.”

“We acha tu!” akasema, akanishika mkono kwa nguvu. “Miaka miwili nahangaika. Wazee hawakutaka, mara hiki, mara kile. Fedha nazo unazijua.”

“Kuanza ndiko kugumu. Kesho nitakuja tena na wenzangu.”

“Kesho ni zamu ya wanawake.”

Nikaona ni siasa nzuri ya biashara. Na kwa kuwa mtu aliyeshiba hupenda kushauri, nikampa ushauri kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

“Sikiliza nikwambie. Usiridhike na hapa tu. Mwakani fungua tawi Dar es Salaam.”

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mapaja, mmoja akalala mkekani kabisa. Mwenye joho alicheka mpaka kilemba kikaenda upande. Kijana mmoja tu, mwenye kifua kipana, hakucheka. Alikuwa ananitazama.

Nikarudi kulipa. Karibu na mlango alikaa bwana mmoja na daftari, na nilipoona amepanga noti mbele yake nikajua ndiye keshia. Nikampa noti mbili za elfu kumi.

“Hizi za chakula. Ikizidi baki nayo.”

“Mungu akubariki. Nikuandike wapi? Bwana harusi au bibi harusi?”

Niliinama nikalisoma lile daftari. Juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili, paliandikwa MICHANGO YA HARUSI, na chini yake majina katika safu mbili. Upande huu. Na upande ule. Hakuna safu ya feni.

Mambo yote yalinijia kwa pamoja: nyama niliyoagiza iongezwe, saa ya kufunga, wateja maalumu. Lile la tawi ndilo lililonitoa jasho, na feni nilikuwa nimeiacha mbali. Nikamfuata mzee wangu wa ndevu nyeupe, nikamnong'oneza kwamba, mzee, mimi hapa hakuna anayenijua, nilidhani ni hotelini.

Hata hakuacha kunywa kahawa yake. “Tunajua. Toka uliposema feni.”

“Sasa mbona hamkunifukuza?”

“Tukufukuze una njaa?” Akanisogezea haluwa. “Kula. Wapo waliojua kama umepotea, na wapo wanaosema wewe ni rafiki yake wa kazini, kwa sababu bwana harusi anafanya kazi Dar. Ila yule,” akaonyesha kwa kidevu, “ni kaka wa bibi harusi. Yeye yuko katika hao wa pili.”

Sikumaliza haluwa. Nilikwenda mlangoni nikaanza kutafuta viatu vyangu, na nakuomba msomaji ujaribu siku moja kutafuta ndala nyeusi gizani katika rundo la ndala nyeusi huku unajua kuna mtu anakuja nyuma yako. Nilikuwa nimepata ndala ya kulia tu kivuli kiliponifika.

“Samahani, shekhe,” alisema taratibu, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. “Wewe na shemeji mnafanya kazi pamoja?”

Nikajieleza kwa pumzi moja. Kwamba simjui shemeji, wala dada, wala mtu yeyote kisiwani. Kwamba nilitoka Jaws Corner, nikaelekezwa kwa mpishi wa biriani, nikaambiwa masufuria na watu wengi. Nikamtajia na mpishi mwenyewe.

“Huyo?” Uso ukalegea kidogo. “Huyo leo kafunga. Tumemkodi. Hiyo uliyokula ndiyo biriani yake.”

“Alhamdulillahi,” nikasema, na tuseme nilikuwa nimepata na ndala ya kushoto. Nikampa mkono, nikamtakia heri, nikageuka niondoke.

Hakuuachia mkono.

“Haya. Na hilo tawi la Dar,” akasema, “umelitoa kichwani kwako tu, au kuna kitu umesikia?”