Mazishi ya Kulipia Tanga: Nani Anapumzika, Nani Anabaki na Deni

Kwa miaka mingi duka la majeneza la mjini Tanga lilikuwa karakana ya seremala, basi. Mfiwa alikuja na kipimo, akapatana bei, akaondoka na sanduku na msalaba juu ya pikapu. Siku hizi mwenye duka humkalisha mteja na kumuuliza: mnazika hapahapa au mnasafirisha? Mnatarajia watu wangapi? Turubai mnalo? Kuna ndugu walio nje watakaotaka kufuatilia mubashara? Akimaliza kuuliza anataja bei moja, ndani yake mna jeneza, gari, viti, spika, mpiga picha, mashada, hata fulana zenye sura ya marehemu. Msiba umekuwa kifurushi, kama vya simu.

Mzee wa mtaa wa Ngamiani ukimuuliza atakujibu kwamba kufa kufaana, na kwamba mji umefika mahali watu wanalia na risiti mkononi. Mwanawe aliyeajiriwa Dar es Salaam ana jibu lake: kazini amepewa ruhusa ya siku chache, hamjui mchimba kaburi wala mwosha maiti, na akitokea mtu wa kumfanyia hayo yote kwa malipo, yeye anashukuru. Wote wawili wana hoja, ila naona wanagombana pembeni ya jambo lenyewe. Mila na usasa haviniumizi kichwa sana. Ninachotaka kujua ni nani alikuwa akizibeba gharama za mazishi kabla ya duka, alizilipa kwa kitu gani, na sasa anadaiwa kitu gani.

Tuanze na jokofu, maana bila jokofu biashara hii ingebaki ya seremala. Tanga ina saa za aina mbili za mazishi. Moja ni ya Waislamu wa mjini: mtu amefariki alfajiri, habari zimetoka msikitini, adhuhuri ameshaoshwa na kukafiniwa, alasiri anasaliwa na kuzikwa. Jeneza ni la msikiti, linakwenda makaburini na kurudi kumsubiri mwingine. Zinahitajika sanda, shuka tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, pamba, marashi, karafuu maiti, na mbao za kufunika mwanandani, ule mfuo wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Muuza majeneza hapo hana la kuuza. Saa ya pili ni ya familia zinazosafirisha, wengi wao Wakristo wenye kwao bara au milimani. Mama wa Lushoto amefia Hospitali ya Bombo, watoto wake wako Dar, Arusha na Mwanza. Mwili unalala mochwari mpaka wote wafike, ndipo safari ianze: Muheza, Korogwe, Mombo, kisha zile kona za mlima hadi nyumbani.

Siku hizo tatu au nne za kusubiri ndizo zinazokula fedha. Watu wakikaa siku nne lazima wale, walale, wapate kivuli. Wakishakaa hivyo panatakiwa ratiba, na penye ratiba pana kamati, na kamati haiwi kamati bila mwenyekiti, mhasibu na bajeti. Jokofu ndilo lililozaa kamati, na kamati ndiyo inayokwenda dukani kuagiza. Hata ile saa ya kwanza nayo imeanza kuchelewa. Marehemu ana mtoto Muscat, familia inaomba ndege isubiriwe. Shehe anakumbusha kwamba maiti huharakishwa, wanafamilia wanaitikia kwa adabu zote, na wanaendelea kusubiri.

Sasa upande wa kutetea. Hoja nzito kuliko zote ni ile ambayo wanaume wanaobishana barazani huwa hawaigusi: mazishi ya zamani yalisimama juu ya migongo ya wanawake. Nani alichota maji? Nani alikuna nazi za wali wa watu mia, akachambua mchele usiku kwa taa, akasugua masufuria alfajiri, kisha akajinyoosha kwenye mkeka pamoja na wageni? Sisi wanaume tulikaa nje, tukacheza bao, tukauliza chakula kimefikia wapi. Mjane au binti wa marehemu alikuwa akihangaikia idadi ya sahani kabla hajapata muda wa kulia. Na hili halikuwa hata agizo la dini. Habari za kufa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, zilipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliamuru watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Pwani yetu imeigeuza amri hiyo juu chini, wafiwa ndio wapishi na majirani ndio walaji. Kwa hiyo wapishi wa kukodi wakija na majiko yao ya gesi na vyombo vyao, mwanamke wa mitaa ya Makorora au Mabawa anapata walau kukaa na msiba wake. Mimi siwezi kuliita hilo uharibifu wa mila. (Kama hitma yenyewe, kile kisomo cha kumwombea marehemu, isomwe au isisomwe, watu wa Ansari Suna wanaoipinga na watu wa tariqa wanaoisoma hapa Tanga wamelibishania siku nyingi. Pilau ya kukodi hailimalizi, ingawa haichagui wa kuila.)

Mzee wa Ngamiani anasahau pia historia ya mji wake. Anapenda kusema kwamba zamani mtu alizikwa na ndugu zake. Tanga ni mji wa mkonge. Tangu mmea huo uletwe na Wajerumani mwaka 1893, mashamba yalivuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka pembe zote za nchi na hata nje ya mipaka, na wengi walifia kambini bila ndugu wa damu karibu. Waliwazika wenzao wa kambi, watu wasio na nasaba nao. Mjini nako kulikuwa na vyama. Beni za Marini na Arinoti, vyama vya ngoma vilivyoshindana, zilizoenea pwani hii enzi za Wajerumani na Waingereza, zilicheza ngoma na zilizika wanachama wao. Baadaye vikaja vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo vipo mpaka leo mitaani na makazini. Familia ndogo iliyotawanyika, isiyo na shangazi wa kuita, haikuanza na simu ya mkononi. Mji huu umeizoea miaka mia na zaidi, na kila mara watu walitafuta namna ya kuzikwa na wasio ndugu.

Lakini hapohapo ndipo duka linapotofautiana na chama. Ndani ya chama mtu alilipa kwa fedha kidogo na kwa nguvu nyingi. Kuli wa bandarini asiye na akiba alikuwa na njia ya kulipa deni lake kwa watu: alichimba kaburi, alipasua kuni, alibeba jeneza, alilala matanga mpaka siku ya kuanua. Watu walimwona. Alikuwa akijiwekea, na siku yake ikifika nyumba ingejaa bila kuitwa. Kifurushi kimelifuta jembe lake. Kaburi linachimbwa na vijana wa kulipwa, kuni zimeondolewa na gesi, jeneza linabebwa na wavulana waliovaa suti moja na glavu nyeupe wanaotembea kwa hatua za kuhesabu. Yeye amesimama kando ya turubai, mikono haina kazi. Anachodaiwa ni mchango kwa simu, na jioni katibu wa kamati anabandika orodha ya waliotoa kwenye kundi la WhatsApp, jina na kiasi. Jina lake halimo.

Utanijibu kwamba fedha msibani si ngeni pwani, na ni kweli. Ubani ulitolewa, na daftari la ubani lilikuwapo. Ila daftari lilifungwa likawekwa ndani, akalifungua mwenye msiba siku ya kurudisha. Orodha ya kwenye simu inasomwa na kundi zima, pamoja na watu ambao hawakufika hata mlangoni. Asiyekuwamo anaanza kukwepa misiba, na mtaa unamwita mchoyo ilhali tatizo ni kwamba kile alichokuwa nacho hakipokelewi tena. Hii ndiyo hasara ninayoiona kubwa, na sijaona wanaotetea huduma hizi wakiijibu.

Kuna na suala la mnunuzi. Mfiwa hana nguvu ya kupatana bei. Ametoka kupokea habari wodini, hajala, ndugu wanamtazama kuona atampa mama yake heshima gani. Akionyeshwa jeneza la mninga na la mbao nyepesi yakiwa yamepangwa jirani, ataona haya kunyoosha kidole kwenye lile la pili. Deni la hospitali watu wamelipigia kelele, na suala la kuzuia maiti kwa sababu ya bili lilifika hadi kwenye kampeni za uchaguzi wa 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiahidi kulipiga marufuku. Deni la duka la mazishi halina wa kulisemea. Familia ileile iliyolia kwamba haina fedha za matibabu inaweza kukopa kwa ajili ya spika na fulana, kwa sababu aibu ya mochwari wanaijua wachache na ya uwanjani inaonwa na wote.

Urushaji wa mubashara sitauzungumza sana. Mtoto aliye Muscat au Uingereza ambaye hakupata ndege ana haki ya kusikia dua ya baba yake, na simu moja kwenye kigoda inatosha. Ninachokataa ni kamera inayosogezwa usoni mwa marehemu, au kumfuata mjane aliyeingia eda, kisha picha hizo zikabaki mtandaoni ambako mjukuu atazikuta. Mpiga picha anaweza kuambiwa mapema asimame wapi na nini asipige. Ni mazungumzo ya dakika chache.

Kinachonishangaza ni kwamba huduma yenye faida kuliko zote kwa familia za sasa ndiyo isiyotangazwa: makaratasi. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitalini huanza na karatasi za hospitali. Aliyefia nyumbani, taarifa huanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Bila cheti cha kifo mirathi haifunguliwi, fedha za benki hazitoki, na mafao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pamoja na ule msaada wa mazishi, hayasogei. Familia nyingi huligundua hili baada ya arobaini, wakati kila mtu amesharudi kwake na anayeijua namba ya uanachama ya marehemu ni marehemu mwenyewe. Mwenye duka anakutana na wafiwa siku ya kwanza, wote wakiwa pamoja. Akiwapa karatasi moja yenye hatua za kufuata, au kijana wa kuwasindikiza ofisini kwa malipo yanayojulikana, amewasaidia kuliko mashada kumi. Bima ya mazishi nayo imo kwenye fungu hili. Hulipa baada ya nyaraka, na hivyo humfaa anayeweza kusubiri. Kwa anayezika alasiri, chama cha mtaani bado kinawahi zaidi.

Jambo moja ningependa libaki nje ya bei kadiri inavyowezekana, nalo ni kuosha. Kwa Waislamu, ndugu walio karibu na marehemu ndio wenye haki ya kwanza, na kwa familia nyingi za Kikristo milimani pia ilikuwa kazi ya mama wadogo na mashangazi. Vijana wa leo wanaogopa, hawajui maji yanaanzia upande gani, kwa hiyo mwosha wa kulipwa anaonekana ni mkombozi. Siwalaumu. Lakini mwosha huyohuyo anaweza kuingia ndani na mtoto mmoja wa marehemu akamwelekeza: shika hapa, mimina taratibu, mfunike. Malipo yatakuwa yaleyale, na atakapokufa mwingine ukooni atakuwapo mtu aliyewahi kushika kata.

Duka la Tanga linalotaka kuzitumikia familia za sasa lingeacha kifurushi, likaandika ubaoni kila kitu na bei yake: jeneza, gari kwa kilomita, turubai kwa siku, viti kwa idadi, mpishi, makaratasi. Kwenye uchimbaji wa kaburi na ubebaji wa jeneza lingeuliza kwanza kama mtaa utafanya wenyewe, na kama utafanya, lisihesabu kitu. Yule kuli angepata tena pa kuweka jembe lake, na mama wa Mabawa angepumzika kazi za jikoni bila familia kununua glavu nyeupe.

Mwenye duka atasema akiuza kimojakimoja atafilisika. Sidhani. Hakuna jirani atakayembeba marehemu begani hadi Lushoto, na hakuna anayechonga jeneza la mninga kwa usiku mmoja. Hivyo viwili vitauzika tu, na ndivyo vyenye fedha. Atakachopoteza ni fulana na wale wavulana wa suti.