Olimpiki nne za Anu Nieminen bila medali: tuzipime vipi?

Anu Nieminen wa Ufini alicheza mpira wa vinyoya katika Olimpiki nne mfululizo: Sydney mwaka 2000, alipokuwa bado akiitwa Anu Weckström, kisha Athens 2004, Beijing 2008 na London 2012. Alianza akiwa na miaka 22 na kumaliza akiwa na 34, na katika safari zote hizo hakurudi nyumbani na medali. Je, huyo ni mchezaji aliyefanikiwa, au ni mchezaji aliyedumu tu?

Wanaopima kwa medali wana hoja nzito, na si haki kuwapuuza. Ufini ni nchi ya Paavo Nurmi, mkimbiaji aliyetwaa dhahabu tisa za Olimpiki, na haikuzoea kuhesabu ushiriki kuwa ushindi. Tena udogo wa nchi hauwezi kuwa kisingizio. Denmark ina watu takriban milioni sita, wakati Ufini ina takriban milioni tano na nusu; lakini Camilla Martin wa Denmark alitwaa fedha ya wanawake huko huko Sydney, na kabla yake Poul-Erik Høyer alikwishachukua dhahabu ya wanaume Atlanta mwaka 1996. Hata hoja kwamba mchezo huu unahitaji mizizi mirefu ilitikiswa Rio mwaka 2016, Carolina Marín alipoipatia dhahabu Hispania, nchi isiyo na mizizi hiyo.

Mimi, hata hivyo, naona kipimo hicho kinaacha nje jambo kubwa, nalo ni kwamba Olimpiki zile nne hazikuchezwa kwa kanuni moja. Sydney na Athens, mchezaji alipata pointi pale tu alipokuwa yeye ndiye aliyeanzisha mpira. Aliyepokea, hata akishinda pigo, alijipatia zamu ya kuanzisha na si zaidi, na seti ya wanawake ilikwisha kwa pointi 11. Mwaka 2006 kanuni ikabadilika, kila mpira ukawa na pointi na seti ikafika 21. Kwa mfumo wa kwanza, aliyezidiwa 9–2 aliweza kujifunga kibwebwe, akarudisha kila kinyoya (yaani mpira wenyewe wa mchezo huu) bila kuongeza hasara kila alipomnyang'anya mpinzani zamu, mpaka mpinzani achoke. Kwa mfumo wa pili, kinyoya hicho chenye manyoya 16 na uzito wa gramu tano hivi, kikigusa wavu na kuanguka upande wako, tayari umelipa. Mchezaji aliyelelewa katika subira ya aina ya kwanza alilazimika kujifunza upya mchezo wake akiwa na miaka 28, umri ambao wengi huanza kufikiria kustaafu, na bado akafuzu mara mbili zaidi. Huko si kudumu tu.

Mumewe, Jarkko Nieminen, alikuwa mchezaji wa tenisi aliyefika nafasi ya 13 duniani mwaka 2006, na mwaka huo huo, Auckland, akawa Mfini wa kwanza kushinda taji la mchezaji mmoja mmoja la ATP, mashindano ya wanaume ya tenisi ya kulipwa. Ni rahisi kuwalinganisha wawili hao, lakini ulinganisho huo hauna uzito, maana tenisi ina fedha na ratiba ambazo mpira wa vinyoya haujawahi kuzifikia.

Ulinganisho unaofaa ni ule wa Denmark, na hapo ndipo hoja ya wakosoaji inapowageukia. Wachezaji bora wa Denmark hufanya mazoezi pamoja Brøndby, karibu na Copenhagen, kila siku wakikabiliana na watu wa kiwango chao au kinachowazidi. Mchezo huu haufundishwi na ukuta. Mkono hujifunza kasi kwa kupigiwa na mkono wenye kasi hiyo. Anu hakuwa na kundi la namna hiyo nyumbani kwao.

Simweki daraja moja na Martin, kwa sababu Martin alifika fainali ya Olimpiki na yeye hakufika. Lakini anayeuliza medali ya Ufini iko wapi alitakiwa kuwauliza waliopanga mazoezi ya timu ya taifa kabla ya kumuuliza mwanamke aliyekuwa bado anashindana Wembley mwaka 2012, katika mashindano ya kwanza ya mpira wa vinyoya ya Olimpiki kuanza kwa hatua ya makundi, miaka 12 baada ya Sydney.