Barabara namba 1 ya California pale Big Sur: waendelee kuitengeneza au waiache?

Kila mwaka wa mvua kubwa pwani ya California mjadala unarudi ule ule, mlima umeshuka, barabara ya jimbo namba 1 imefungwa tena pale Big Sur, kipande cha pwani chenye milima mikali, na watu wanagawanyika pande mbili. Wapo wanaosema hela ya walipa kodi inatupwa baharini na wapo wanaosema ukiiacha hiyo barabara umewaua watu wa pale. Mi naona wote wana hoja, ila ukitaka kuamua vizuri lazima kwanza ujue njia yenyewe ilipita wapi na ilijengwaje.

Barabara nzima ina kama kilomita 1,055. Inaanzia kusini Dana Point, inapita Malibu, Santa Cruz, inavuka daraja la Golden Gate pamoja na barabara ya 101, halafu inapanda na pwani mpaka karibu na Leggett. Hapo mwisho ndo pana jambo ambalo watu wengi hawaliangalii: kabla ya kufika Leggett barabara inaiacha bahari na kuingia bara, kwa sababu mbele yake milima ya King Range imeinuka vibaya mno na wajenzi waliona haiwezekani, wakaizunguka. Kile kipande cha pwani kinaitwa Lost Coast mpaka leo na hakina barabara kuu. Kwa hiyo wanaosema eti California haijawahi kukubali kushindwa na mlima, ilishakubali zamani sana.

Pale Big Sur hawakukubali. Kuanzia Carmel mpaka San Simeon ni kama kilomita 145 na milima ya Santa Lucia inatumbukia moja kwa moja baharini, hakuna tambarare. Mwaka 1919 wapiga kura wakapitisha hela, kazi ikachukua miaka 18 hivi, ikafunguliwa 1937, na sehemu kubwa ilifanywa na wafungwa kutoka gereza la San Quentin wakilipwa senti 35 kwa siku na kupunguziwa kifungo. Daraja la Bixby ambalo kila mtu analipiga picha lilikamilika 1932 kwa chini ya dola 200,000. Barabara yenyewe ilipunguziwa gharama kwa sababu vibarua wengi walikuwa wafungwa na kifusi baada ya kulipua mwamba kwa baruti kilisukumwa tu chini baharini, mlima ukakatwa miguu yake hivi hivi na hakuna aliyeuliza, na huo mlima uliokatwa ndo unaoendelea kushuka mpaka leo.

Sasa hesabu za siku hizi. Mei 2017 pale Mud Creek, hapo hapo Big Sur, mlima ulifukia kama mita 400 za barabara, wakaja kufungua Julai 2018 kwa dola milioni 54, na hawakuzoa kile kifusi, walijenga barabara mpya juu yake. Mwaka huo huo daraja la Pfeiffer Canyon liliharibika likabomolewa, jipya likagharimu milioni 24. Januari 2021 pale Rat Creek maji na matope yaliyoshuka toka kwenye milima iliyoungua moto mwaka uliotangulia yakakata barabara vipande viwili. Ukiyaweka pamoja unamwelewa kabisa anayesema basi, inatosha, na siku hizi hata kusukuma udongo baharini hairuhusiwi kirahisi kwa sababu toka 1992 bahari ile ni hifadhi ya taifa, udongo unabebwa na malori.

Upande wa pili lakini. Daraja la Pfeiffer lilipokatika 2017 wakazi walikuwa wanapita kwa miguu kwenye njia ya msituni kwenda shule na dukani, na hapo hatuongelei watalii, ni watu wanaoishi hapo. Na ukisema "hamisheni barabara iende ndani", kwenda ndani ni wapi? Nyuma kuna Ventana Wilderness, eneo lililolindwa na sheria ya nchi tangu 1969, huruhusiwi kupasua barabara mle. Kwingine ilikuwa inawezekana, pale Devil's Slide karibu na San Francisco wapiga kura wa kaunti walikataa barabara ya kuzunguka mlima mwaka 1996 wakachagua mahandaki ya kupita ndani ya mlima, yakafunguliwa 2013 kwa kama dola milioni 439, na Gleason Beach kule Sonoma wameivuta barabara mbali na ufuo. Ila Devil's Slide ni mlima mmoja, Big Sur ni kilomita 145 za milima, huwezi kuchimba mahandaki yote hayo.

Kwa hiyo mi nimekaa upande wa kutengeneza, ila sio kwa staili ya sasa. Hela nyingi huja baada ya maafa, ikishafunguliwa watu wanasahau mpaka mvua nyingine, na kila mara ahadi ni ile ile kwamba itarudi kama zamani. Mimi ningesema wazi kwamba hii ni barabara inayofungwa, hoteli na shule zipange hivyo, na hela ya mwanzo isiende kwenye barabara namba 1 kabisa. Ningeipeleka Nacimiento-Fergusson, ile njia nyembamba yenye kona kali ambayo ndo pekee ya lami inayovuka milima kati ya Carmel na Cambria, nayo iliharibiwa na moto wa 2020 na mvua zilizofuata ikafungwa. Mlima ukishuka pande zote mbili mtu wa Lucia au Gorda, vijiji vidogo vya hapo Big Sur, anatokea hapo, hana kwingine. Kwenye huu mjadala mzima sijui kwa nini haitajwi, wote wanabishana kuhusu barabara ya picha.