Paulo Aliogopa, na Mungu Akamtuma Tito

Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho kuna maneno ambayo sijawahi kuyasikia yakihubiriwa kwenye mkutano wa injili, wala sijayaona yameandikwa kwenye kalenda ya kanisa. Ni sura ya 7, mstari wa 5 na wa 6. Paulo amefika Makedonia akiwa hoi, na anaandika waziwazi kwamba nje palikuwa na vita, ndani hofu. Kisha anasema Mungu alimfariji, na anataja jinsi alivyofarijiwa: kwa kuja kwake Tito.

Huyu ndiye Paulo aliyeimba gerezani Filipi usiku wa manane, miguu yake ikiwa kwenye mkatale. Ndiye anayekiri hofu yake kwa maandishi, tena kwa kanisa ambalo baadhi ya watu wake walikuwa wameshaanza kumdharau. Faraja ya Mungu ilimfikia kwa miguu ya mwenzake aliyetoka safari ndefu na habari njema mdomoni. Nayashikilia maneno haya kwa sababu naamini tumewafundisha waumini wetu ujasiri wa namna nyingine kabisa, na nimeona unavyowaangusha siku ya shida.

Angalieni tunavyosalimiana wenyewe kwa wenyewe. "Bwana Yesu asifiwe." "Amina." "Unaendeleaje, mpendwa?" "Nimebarikiwa sana." Anayejibu hivyo huenda juzi ametolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Huenda mtoto wake amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya ada. Hasemi, maana amejifunza kwamba kusema ni kukosa imani. Ushuhuda nao una kanuni yake: unasimama mbele ya usharika ukishashinda. Ulikuwa mgonjwa, sasa umepona. Ulikuwa huna kazi, sasa unayo. Aliye katikati ya shida bado hana nafasi kwenye kipaza sauti, na akiomba maombi ataambiwa akemee roho ya woga, kwa kuwa imeandikwa Mungu hakutupa roho ya woga.

Ni kweli imeandikwa, 2 Timotheo 1:7. Ila mtu asiishie hapo. Ashuke mistari michache tu, hadi wa 16, amkute Onesiforo. Paulo yuko Rumi amefungwa, wengi wamemwepuka, na mtu huyu anafika mjini, anamtafuta kwa bidii mpaka anampata, wala hauonei haya mnyororo wake. Asome hadi sura ya 4. Mtume yuleyule anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, anaomba vitabu vyake, anasema Luka peke yake ndiye aliye naye, na anamsihi Timotheo afanye bidii kufika kabla ya wakati wa baridi. Mwandishi wa ule mstari tunaowapigia watu usoni alikuwa anasikia baridi na anataka wenzake. Hakuona kwamba kuomba nguo na kuomba rafiki kunapunguza imani yake hata chembe.

Bwana wetu mwenyewe alifanya vivyo hivyo. Kule Gethsemane aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, akawaambia kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakae wakeshe. Walilala. Maumivu ya usiku ule huwa nayaona hapo zaidi ya mahali pengine: Mwana wa Mungu aliwahitaji wanadamu watatu kwa saa moja, akawakosa.

Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa wa mlima Karmeli. Yezebeli akatuma ujumbe mmoja tu wa kutishia, nabii akakimbia mpaka Beersheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. "Yatosha," alisema. Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa akamwambia ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mahubiri tunayoyapenda ni yale ya sauti ndogo ya utulivu pale Horebu, ila kabla ya sauti kulikuwa na chakula na usingizi, na baada ya sauti Mungu alimpa Elisha na kumjulisha kwamba Israeli wamebaki watu 7,000 wasiopiga magoti kwa Baali. Eliya alilia kwamba amebaki peke yake. Jibu la Mungu lilikuwa watu.

Mtu atasema hayo ni ya Biblia, ya zamani. Haya, tuje kwetu. Askofu Mkuu Janani Luwum alizaliwa 1922 Mucwini, kule Kitgum kaskazini mwa Uganda, akaokoka 1948 katika ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda, ukaenea hadi Kenya na huku Tanganyika. Wazee wetu wa Bukoba na Dodoma wanaujua uamsho ule. Nguvu yake ilikuwa kwenye ushirika: watu wachache wanakaa pamoja, wanafungua Neno, wanaungamiana dhambi na hofu zao bila kufichana, wanaimba, wanarudi makwao. Waliita kutembea nuruni. Huko ndiko Luwum alikolelewa kiroho, na sidhani inawezekana kuuelewa mwisho wake bila kuuangalia mwanzo huo.

Mwaka 1974 alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire (Kongo ya leo), na Idi Amin alikuwa ameshikilia nchi kwa mauaji. Februari 5, 1977, usiku wa manane, askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye maaskofu walikaa pamoja wakamwandikia Amin barua ya kulaani yanayotendeka, wakatia saini kwa pamoja. Huwa naufikiria mkutano ule. Kila mmoja alikuwa na mke na watoto nyumbani, na kila mmoja alijua jina lake likishakaa kwenye karatasi ile halifutiki. Sidhani kama yupo aliyeshika kalamu bila hofu. Walitia saini kwa sababu wenzao walikuwa wanatia saini.

Februari 16 waliitwa wote Kampala, kwenye hoteli ya Nile Mansions, mbele ya askari na silaha zilizopangwa ili ionekane kanisa linapanga mapinduzi. Maaskofu wengine wakaambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Baadhi ya wenzake walimngoja nje mpaka walipoamriwa kuondoka. Serikali ikatangaza kwamba Luwum pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Mwili ulipelekwa Mucwini, na waliofungua jeneza waliona majeraha ya risasi. Namirembe walikuwa wamechimba kaburi lake karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa Uganda mwaka 1885, likabaki wazi. Jumapili ile watu walimiminika kanisani Namirembe hata hivyo, kwa maelfu, chini ya utawala uliokuwa unaua watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Leo Februari 16 ni sikukuu ya kitaifa Uganda.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo wahubiri huiruka. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, rafiki wa Luwum na mmoja wa waliokuwa naye siku ile, alikimbia. Waumini wake walimsihi aondoke, yeye na mkewe wakavuka milima usiku hadi Rwanda. Alirudi Amin alipoanguka mwaka 1979. Kwa mafundisho ya "usiogope, simama imara", tungesema mmoja alikuwa jasiri na mwingine mwoga. Mimi sikubali. Luwum alibaki akitii, na Kivengere aliondoka akitii, tena aliondoka kwa sababu kanisa lilimwambia askofu mmoja kaburini anatosha. Mtu aliyezoea kutembea nuruni na wenzake hujua la kufanya hata pale ambapo mmoja anatakiwa kukaa na mwingine kwenda.

Sasa niseme la kwangu, kwa kuwa sikuyajua haya kwa kusoma tu. Baba yangu aliugua figo. Anayejua gharama ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, hahitaji kuelezwa zaidi. Tuliuza kiwanja, tukachanga ukoo mzima, tukakopa. Simu yangu ilijaa ujumbe wa kutia moyo: Mungu ni mwema, Mungu hajawahi kushindwa, pokea uponyaji wa baba. Waliotuma walitupenda, sina shaka. Ila kila ujumbe uliniacha nikijiona mwenye imani haba, kwa sababu nilikuwa ninaogopa mchana na usiku.

Kisha akaja mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza vitunguu sokoni. Alikuja hospitali na chupa ya chai na viazi vitamu, akaketi kwenye benchi kando yangu. Hakuhubiri. Alisema, "Mwanangu, leo mimi nimekuja kukaa. Wewe lala kidogo, wakimwita mgonjwa nitakuamsha." Nikalala na kichwa changu begani kwake kama mtoto. Alikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, akapokezana na wenzake wa jumuiya. Siku moja nilimwambia naogopa baba atakufa. Akasema, "Na mimi naogopa. Tumwambie Mungu hivyo hivyo." Tukamwambia. Sijawahi kuomba sala ya kweli kuliko ile.

Baba hakupona. Naliandika hili bila kulizungushia maneno kwa sababu najua kuna anayesoma hapa ambaye mgonjwa wake naye hakupona, na amechoshwa na shuhuda ambazo zote zinaishia kwenye uponyaji. Nilichopata wakati ule kilikuwa halisi na ninacho mpaka leo. Niliweza kuingia wodini kila asubuhi. Niliweza kumshika baba mkono na kuzungumza naye habari za shamba bila kutetemeka sauti. Hofu ilikuwepo, na nilikwenda nayo. Mtunga Zaburi ya 56 anasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," na nikaelewa kwamba siku ya hofu na siku ya kutumaini zinaweza kuwa siku moja.

Kwa hiyo nina maneno kwa wachungaji wetu, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, na nayasema kwa heshima. Isomeni Zaburi ya 88 kanisani, Jumapili, kwa sauti. Ni zaburi inayoishia gizani, haina mstari wa ushindi, na Roho Mtakatifu hakuona haya kuiacha ndani ya Maandiko. Aliyefiwa akisikia inasomwa madhabahuni atajua kwamba kilio chake nacho ni maombi. Mtu akiwaambia hapati usingizi wala hali chakula, mfanyieni alivyofanya malaika kwa Eliya, kisha mpelekeni kwa daktari, mkaketi naye foleni. Na yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani, azuiwe. Hapo sina lugha ya upole. Tumezika watu kwa sababu ya mafundisho hayo.

Na pale kwenye shuhuda, mpeni nafasi mtu ambaye bado. Asimame aseme kesi yangu haijaisha, mume wangu hajarudi, majibu ya vipimo sijayapata, ninaogopa, na ninamwamini Yesu. Usharika useme amina kwa nguvu ileile tunayompa aliyepata gari. Halafu ibada ikiisha, watu wawili watatu wamfuate nje wamuulize anakaa wapi, na ni siku gani ya wiki inayomlemea zaidi.

Katika jumuiya yetu tumeanza kwa kuandika zamu kwenye daftari. Aliyelazwa, aliyefiwa, mwenye kesi, kila mmoja ana majina ya watu wake kwa kila siku, na yule mama wa vitunguu ndiye anayelitunza daftari. Wiki hii mimi nina Jumanne na Ijumaa, kwa kijana aliyefungiwa duka lake, huku mkewe ana mimba kubwa. Ijumaa napeleka unga na maharage.