Yaliyopita Bado ni Ndwele

Jumamosi iliyopita jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilikutana kwa mama mmoja mjane, nje kidogo ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, chini ya mwembe wake. Tulisali rozari, tukasoma Injili, tukafika kwenye maombi. Zamu yake ilipofika, mama akaomba kwa sauti yake ya kawaida kwamba Mungu amfungue kinywa yule anayejua mume wake aliachwa wapi. Hakutaja jina. Hakuhitaji kulitaja, senta nzima, pale penye maduka yetu, inalijua. Katekista alimsubiri amalize, akafunga kitabu, akamwambia mbele yetu sote: "Mama, samehe na usahau. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu, ndiyo maana naandika.

Mwaka 2003, wakati wa vita, waasi wa LRA, jeshi la Joseph Kony, waliingia kwake usiku, wakamtwisha mumewe gunia la maharage yake mwenyewe, wakaondoka naye. Kati ya waliomfunga kamba alikuwemo mvulana wa kijiji cha jirani, ambaye naye alikuwa ametekwa mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 13. Mume hakurudi. Mvulana alirudi, akapata cheti cha msamaha chini ya ile sheria ya mwaka 2000 iliyowasamehe waasi waliotoka msituni, akajifunza kazi, na leo ana mashine ya kusaga pale senta. Mama humpelekea mahindi yake kila baada ya wiki mbili. Wanasalimiana. Kijana anapima, anasaga, anafunga mfuko, mama analipa na kuondoka. Hivyo hivyo kwa miaka yote hii.

Mama alimtazama katekista, akasema, "Mwanangu, nilimsamehe wewe hujawa katekista. Sidai pesa yake. Sitaki afungwe. Aniambie tu walimwacha wapi." Kimya kikatanda. Halafu mtu mmoja akaanzisha Salamu Maria, na sisi sote tukaifuata kwa haraka, na mimi nikiwemo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tulimfunika yule mama kwa sala.

Watu walipoanza kutawanyika aliniita ndani. Akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa shuka jeupe lililokunjwa mara nne. Mikunjo imeshageuka rangi ya manjano. Alilinunua mwaka aliotoka kwenye kambi ya waliokimbia vita kurudi nyumbani, kwa ajili ya mifupa. Kila Pasaka hulifua, hulianika kwenye ua wa nyuma ambako wapita njia hawaoni, kisha hulirudisha sandukuni. Mtu anayefua sanda kila Pasaka ana imani ya ufufuko kuliko wengi wetu. Na huyu ndiye tunayemfundisha kusamehe.

Tuanze na hiyo methali. Wahenga hawakusema tukae kimya. Walisema tugange, na kuganga ni kazi ya mikono: unafunua kidonda, unakiosha, mgonjwa analia, unatia dawa. Ndwele ambayo hakuna aliyeigusa haijapita, hata ikitimiza miaka mia. Mwili wa yule mama bado unaumwa, na mganga pekee mwenye dawa anasaga mahindi mita mia tatu kutoka kanisani.

Lakini methali niiache, maana katekista alikuwa akizungumza kwa jina la Kanisa, na hapo ndipo ninaposimama naye uso kwa uso. Sote tulifundishwa Kitubio tukiwa watoto, kabla ya Komunyo ya kwanza. Majuto, maungamo, malipizi. Vitu vitatu kwa upande wa mkosaji. Katekisimu, namba 1459, inasema wazi kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani, na mkosaji anapaswa kufanya lote linalowezekana kurekebisha madhara: kurudisha kilichoibwa, kusafisha jina alilolichafua, kufidia majeraha. Tena inaongeza kwamba maondoleo yanaiondoa dhambi, ila hayatengenezi uharibifu wote ambao dhambi imeuacha nyuma. Kwa hiyo ukimpelekea aliyeumizwa amri ya kusamehe, na aliyeumiza usimpelekee neno lolote, umeikata Sakramenti nusu. Nusu uliyobaki nayo ni ile isiyomgharimu mkosaji chochote.

Angalieni Kiswahili chetu chenyewe. Malipizi na kulipiza kisasi ni neno moja, yote yametoka kwenye kulipa. Deni lipo, na litalipwa kwa njia moja au nyingine. Mkosaji akifanya malipizi, aliyekosewa hana haja ya kulipiza. Mkosaji akikaa kimya, lile deni linarithiwa, na watoto wa yule mama, ambao sasa ni watu wazima, wanapita mbele ya mashine ile kila siku. Mimi nimeyaona macho yao. Mama amesamehe, wao hawajasema kama wamesamehe.

Kisha kuna Mathayo 5. Tunaisoma kila mwaka na kila mwaka tunaisoma kinyume. Yesu anasema ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni, na hapo ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza ukapatane naye. Ndugu yako ana neno juu yako! Anayeambiwa aondoke kanisani ni yule anayedaiwa. Hakusema mwenye kinyongo ndiye aondoke akamtafute aliyemkosea. Ila kwetu mwenye kidonda ndiye tunayemsimamisha, ndiye anayehubiriwa, ndiye anayeombewa apunguziwe moyo mgumu, huku mwenye deni akikaa benchi la tatu na kuimba vizuri.

Ninajua nitajibiwa kwa maneno ya Yohane Paulo wa Pili, maana yanasomwa hapa kila penye warsha ya amani: hakuna haki bila msamaha. Ni kweli aliyasema, katika ujumbe wa Siku ya Amani Duniani wa Januari 2002, dunia ikiwa bado na majivu ya mashambulizi ya New York. Ila sentensi yake ina sehemu mbili, na ya kwanza ni hakuna amani bila haki. Tena alieleza humo humo kwamba msamaha ni kinyume cha chuki na kisasi, hauipingi haki. Miaka 30 kabla yake, Paulo wa Sita, huyu huyu aliyekuja Namugongo mwaka 1969, alitoa ujumbe wa Januari 1972 uliosema ukitaka amani, fanya kazi kwa ajili ya haki. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, aliandika kwamba waliopata mateso makali na yasiyo ya haki wasidaiwe msamaha wa jumla kama vile ni wajibu wa jamii. Upatanisho ni tendo la mtu binafsi, hakuna wa kumlazimisha. Katekista wetu alimlazimisha mjane mbele ya watu ishirini na mbili, uani kwake mwenyewe.

Kuhusu vita vyenyewe sina mengi. Masharti ya kujilinda kwa silaha yamo kwenye Katekisimu, namba 2309, na ni magumu. Aliyelala kambini kwa miaka hahitaji kusomewa.

Sasa nikubali ninayopaswa kukubali, ingawa kwa shingo upande. Ile sheria ya msamaha ilirudisha watoto. Bila cheti kile wengi wangeogopa kutoka msituni, na wangefia huko au wangeendelea kuua. Viongozi wetu wa dini waliipigania, na walikuwa na haki ya kuipigania kwa sababu walilipa kwa miili yao. Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama alikwenda kulala nje, hapa Gulu mjini, usiku nne, pamoja na watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini wasije wakatekwa. Viongozi wa Kianglikana na wa Kiislamu walikuwa naye. Askofu Macleord Baker Ochola, ambaye mke wake aliuawa na bomu la ardhini mwaka 1997, alihubiri msamaha, na nani angemwambia hajui anachosema? Watu hawa wakisema samehe, ninanyamaza na kusikiliza. Walisema huku wakikaa upande wa walioumia.

Na kijana wa mashine pia alikuwa mtoto. Silisahau hilo. Dominic Ongwen, aliyekuja kuwa kamanda wa waasi hao, alitekwa akienda shule, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague ilimtia hatiani Februari 2021 kwa makosa 61, ikampa miaka 25, ikizingatia pia utoto ule ulioibwa. Mwaka 2024 mahakama hiyo ikaamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52, na kila mwathirika euro 750 za ishara. Ongwen hana hizo pesa, kwa hiyo wanatafutwa wafadhili. Sawa. Lakini hakuna mfadhili wa Ulaya anayeweza kumwambia mama yule kaburi liko wapi. Malipizi hayo yako kwenye kinywa cha mtu mmoja tu.

Ninapofikiria msamaha wenye uti wa mgongo namfikiria Angelina Atyam wa Lira. Oktoba 1996 waasi waliwachukua wasichana 139 kwenye shule ya masista pale Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini, akarudi na 109, wakabaki 30. Binti wa Angelina alikuwa kati ya waliobaki. Wazazi walikuwa wakikusanyika kusali, na walipofika kwenye "utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe waliotukosea" sauti ziliwakwama. Angelina akaamua kusamehe, na akasema hadharani kwamba amesamehe. Je, alinyamaza? Alizunguka dunia akidai watoto. Waasi walipopeleka neno kwamba watamwachia wake peke yake iwapo ataacha kelele, alikataa, kwa sababu wote walikuwa watoto wake. Binti yake alikuja kutoroka mwaka 2004. Mama huyo alisamehe na kudai kwa pumzi ile ile, miaka karibu minane. Mbona mama yetu wa Jumamosi tunamwambia achague moja?

Wazee wa Kiacholi nao hawakuwahi kutenganisha. Mato oput, ile ibada yao ya kupatanisha koo baada ya mauaji, haianzi kwa kunywa. Inaanza kwa aliyeua, au ukoo wake, kukubali kwamba ndiyo, tulifanya, na hivi ndivyo ilivyokuwa. Wazee wanakwenda huku na huku kati ya koo mbili, wakati mwingine kwa miaka. Fidia inakubaliwa. Baada ya yote hayo ndipo pande mbili zinapoinama juu ya kibuyu kimoja na kunywa ile mizizi michungu. Wanaofika siku ya kibuyu wakapiga picha na kuandika kwamba Waacholi ni watu wa kusamehe upesi wamekosa sehemu kubwa ya habari. Uchungu ule unanywewa na wote wawili.

Niseme na la nyumbani kwangu, maana nisionekane nawahukumu wengine. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Baba alikuwa askari kutoka magharibi, mama yangu Mwacholi, na lugha yetu ndani ya nyumba ilikuwa Kiswahili. Wazee wengi hapa Kiswahili walikisikia kwanza kama amri: simama, lala chini, toa kitambulisho. Mimi nilikisikia kama Baba Yetu, kutoka kinywani mwa baba, kila jioni. Alipokaribia kufa aliomba padri. Wakabaki wawili chumbani karibu saa nzima, mlango umefungwa. Padri alipotoka alikuwa amechoka, akatushika mikono, akasema baba yenu yuko tayari. Namshukuru Mungu kwa saa ile. Lakini mpaka leo najiuliza kama kuna mama mahali fulani, Kitgum au Pader, mwenye shuka sandukuni, anayemdai baba yangu neno moja. Kama yupo, ningetaka aambiwe. Ningempelekea mwenyewe neno hilo kwa miguu kama ningelijua. Baba aliondoka nalo, na hakuna aliyewahi kumwambia tangu ujana wake kwamba kuungama kwa padri hakumwondolei safari ya kwenda kwa mwenye kidonda.

Kijana wa mashine bado anaweza kuifanya safari hiyo. Ana miaka 36, ana watoto wanne, yuko hai. Pengine anaogopa kwamba akisema neno moja atakamatwa, au ndugu wa marehemu watamjia usiku. Pengine hakumbuki mahali penyewe. Hata hivyo aje aseme kwamba hakumbuki. Aje na padri, aje na mwenyekiti wa LC, baraza letu la kijiji, aje na wazee wa koo zote mbili, tumzunguke ili asiogope. Kazi ya jumuiya ingekuwa hiyo. Tulikuwa watu ishirini na mbili chini ya mwembe, na hakuna hata mmoja aliyejitolea kumsindikiza.

Nilimfuata katekista Jumatatu nikamwambia yote haya, kwa heshima, maana ni mkubwa wangu na amezika watu wengi katika miaka mibaya. Hakukasirika. Alisema alitaka tu mama apate kupumzika. Nilimwomba jumuiya ijayo tusome Luka 19, Zakayo, ambaye alisimama akataja mwenyewe kwamba kama amemdhulumu mtu anarudisha mara nne, na hapo ndipo Yesu aliposema leo wokovu umefika katika nyumba hii. Nikamwomba pia tukutane kwa mwenye mashine. Amesema atazungumza na padri kwanza. Sawa, azungumze naye. Mimi kesho nina debe moja la mahindi ya kusaga, na nitakwenda asubuhi mapema kabla ya foleni, nimuulize kama Jumamosi atakuwepo.