Rundo la daktari wa mifugo

Kabla sijamiliki kompyuta nilikuwa na mzee wa magazeti. Alitandaza nailoni yake kwenye veranda moja ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru, mawe manne kwenye pembe ili upepo usimharibie siku, halafu magazeti yakapangwa juu. Waliokuja kusoma vichwa vya habari bila kununua aliwavumilia hadi kama saa nne, kisha akaanza kukohoa kile kikohozi ambacho kila mtu alikijua maana yake. Lakini utajiri wake ulikuwa nyuma, chini ya kiti. Palikuwa na marundo madogo yaliyofungwa kwa mpira, kila rundo na mtu wake. La wakili. La mwalimu mkuu. La mama mwenye duka la vitambaa. Langu lilikuwa jembamba: Taifa Leo ya Jumatatu kwa sababu ya kandanda, na gazeti la Jumamosi kwa sababu ya kurasa za kilimo.

Siku moja nikaona rundo nene kuliko yote na nikauliza ni la nani. La daktari wa mifugo, akasema. Nikachungulia. Katikati palikuwa na jarida la ufugaji ambalo sikuwahi kujua lipo duniani. "Nina nakala nyingine, kijana wangu," mzee akaninong'oneza, "lakini usimwambie daktari kwamba nimekuonyesha." Nikalinunua, na mwezi uliofuata nikalinunua tena. Daktari mwenyewe sijawahi hata kumsalimu, ila kwa mwaka mzima nilikuwa nikisoma anachosoma.

Yote ninayotaka kusema leo kuhusu intaneti yamo chini ya kile kiti. Kuna rundo langu, na kuna kuchungulia rundo la jirani. Tulikuwa na vyote viwili mtandaoni. Cha kwanza bado kipo ingawa wengi wamekisahau. Cha pili ndicho kilichokufa, na ajabu ni kwamba watu wanamlilia asiye maiti.

Nianze na asiye maiti. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili, feed waliiita mlisho. Mwanzoni neno hilo lilinichekesha. Nilimwona ng'ombe mbele ya hori. Siku hizi sicheki, kwa sababu swali ni lile lile la zizini: nyasi anakata nani? Katika mitandao ya kijamii unakatiwa. Unafungua simu kutafuta bei ya mbolea, unaletewa ugomvi wa wasanii wawili usiowajua, na ukiinua kichwa ugali umeungua. Kwenye kisomaji cha milisho, programu inayokukusanyia mapya ya tovuti ulizochagua, unakata mwenyewe. Tovuti inaandika faili dogo la maandishi matupu: kichwa cha habari, tarehe, kiungo, labda na muhtasari. Kisomaji chako kinapita hapo kila baada ya muda kama mtu wa maziwa, kikikuta kipya kinakuletea. Huombwi namba ya simu, huandikishwi popote kwa mwenye tovuti. Na kuna siri yake ninayoipenda kuliko zote: kinaisha. Ukisoma kilichokuja, umemaliza, ukurasa unabaki mweupe, unafunga unaenda kulala.

Jambo hili halikubuniwa jana. Kampuni ya Netscape walitoa RSS ya kwanza, yaani kanuni ya kuandika hilo faili, mwezi Machi 1999. Mwaka 2000 likaja toleo la 1.0, na mmoja wa waliokaa kuliandika alikuwa Aaron Swartz, mtoto wa miaka 14. Hapa kwetu enzi hizo huyo alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, bado anafuliwa sare. Mwaka 2002 Dave Winer akatoa RSS 2.0, na hiyo ndiyo inayoendelea kubeba mzigo hadi leo. Halafu Google Reader, kisomaji cha milisho cha Google, ikafunguliwa mwaka 2005, ikawameza karibu wasomaji wote, na tarehe 1 Julai 2013 ikafungwa. Tangu siku hiyo kila mwaka kuna mtu anaandika tanzia ya RSS.

Mimi hiyo tanzia huipita. Lilifungwa duka moja, si barabara. Feedly ipo, Inoreader ipo, NewsBlur ipo. Podikasti nyingi unazosikiliza ukiwa kwenye matatu kwenda Njoro zimekufikia kupitia mlisho ule ule wa RSS, ujue usijue. Blogu yoyote iliyojengwa kwa WordPress, ambazo ni nyingi ajabu, ukiongeza neno feed baada ya mkwaju mwishoni mwa anwani yake mara nyingi unakutana na mlisho umekaa hapo unakusubiri. Hata chaneli za YouTube zina milisho. Yangu ni 41: magazeti, mtu mmoja wa nyuki, wawili wa sola, wachambuzi wa soka na waandishi wachache wa Kiswahili ambao wakiandika mara tatu kwa mwaka ni bahati. Hao wa mara tatu kwa mwaka ndio hasa sababu ya kuwa na kisomaji. Mtandao wa kijamii ungeshawasahau zamani. Mlisho unawangoja bila kununa. Na kwa kuwa ni maandishi tu, asubuhi nzima ya kusoma hailambi data kama video moja inavyolamba.

Niliona nguvu ya kitu hiki mwishoni mwa Januari 2008, mji huu ulipokuwa chini ya kafyu kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku tangu tarehe 30 Desemba, na uvumi ulitembea kwa miguu mirefu kuliko habari. Binamu yangu aliyekuwa Nairobi alikuwa na intaneti kazini. Alikusanya blogu za Wakenya kama kumi kwenye kisomaji kimoja, ikiwemo Kenyan Pundit ya Ory Okolloh, na jioni alinipigia simu akanisomea kilichoingia tangu asubuhi, kimoja baada ya kingine kwa mpangilio wa saa. (Ni kutoka kwa wanablogu hao hao ndipo Ushahidi, tovuti ya kuripoti ghasia kwenye ramani, ilipozaliwa mwezi huo.) Sikumbuki alichosoma neno kwa neno. Nakumbuka alivyokuwa akisema "hii ni ya saa nane, hii ya saa tisa na nusu", na mimi nikipanga kichwani nini kimetangulia nini. Wakati wa hofu, kujua nini kilitangulia ni nusu ya utulivu.

Basi, hilo ni rundo langu. Liko salama.

La jirani ndilo lililochukuliwa. Mwaka 2003 Joshua Schachter, aliyekuwa mfanyakazi wa Morgan Stanley, alifungua Delicious, na enzi hizo anwani yake iliandikwa kwa nukta za mzaha, del.icio.us. Wazo lake lilikuwa jepesi hadi linatia aibu: badala ya kuweka alamisho zako, yaani viungo vya kurasa unazotaka kuzirudia, kwenye kivinjari cha kompyuta moja, ziweke mahali pa wazi, kila moja uipe lebo ya neno moja au mawili unayojichagulia mwenyewe. Nyuki. Kinamasi. Mapishi. Hakuna mkutubi wa kukuambia umekosea fungu. Ukishahifadhi ukurasa unaona ni watu wangapi wengine wameuhifadhi, na ukibofya jina la mmoja wao, unaingia chini ya kiti. Unaona rundo lake lote. Mtu aliyehifadhi ukurasa wako wa nyuki kumbe amehifadhi pia miti ya kupanda ili nyuki wapate maua, kitu ambacho hata hukuwa na akili ya kukiuliza.

Sasa angalia safari yake. Yahoo walinunua mwaka 2005. Mwaka 2011 wakawauzia waanzilishi wa YouTube. Ikapita mikono mingine, kila mwenye nyumba mpya akibomoa ukuta na kupaka rangi, wapangaji wakihama mmoja mmoja. Mwezi Juni 2017 Maciej Cegłowski wa Pinboard, mshindani mdogo anayetoza ada, akaichukua kwa dola 35,000. Kwa pesa zetu za wakati huo ni kama shilingi milioni 3.6. Bei ya matatu moja nzuri! Alamisho za mamilioni ya watu, miaka kumi na minne ya binadamu kusema "hiki kinafaa, hiki ni cha nyuki", thamani yake matatu moja.

Mwezi Julai 2025 Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, nao wakafunga Pocket, iliyokuwa ikiwahifadhia watu makala za kusoma baadaye tangu enzi ikiitwa Read It Later. Yaani hata hawa wenye nia njema huchoka.

Mimi nami nilichomwa, ila na huduma nyingine ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimeweka viungo zaidi ya mia sita. Barua ya kufunga ilikuja kwenye baruapepe niliyokuwa nimeacha kuifungua, nikaiona miezi mitatu baada ya tarehe ya mwisho ya kupakua. Nilijilaumu kuliko nilivyowalaumu. Kisomaji chochote cha maana hukuruhusu utoe orodha ya milisho yako kama faili moja la OPML ukaenda nalo kwa mwingine, na huduma nyingi za alamisho nazo huwa na mlango wa namna hiyo. Ni mimi ambaye sikuutumia. Sasa kila mwisho wa mwezi natoa faili, naliweka kwenye flashi, flashi naiweka kwenye mkebe wa Kasuku pamoja na risiti za umeme.

Mtu ataniambia: lakini kuna injini za utafutaji, na siku hizi kuna mashine za kuzungumza nazo, uliza ujibiwe. Naziuliza kila siku, kazi yangu ni hiyo. Shida ni kwamba lazima uwe na swali. Mbele ya rundo la daktari wa mifugo sikuwa na swali lolote. Nilikuwa nasubiri chenji. Wengine watasema Reddit ipo, watu wanavipigia viungo kura. Ni kweli, na Digg kabla yake walifanya hivyo, lakini kura ni kelele za uwanjani. Ukurasa wa magonjwa ya kuku uliohifadhiwa na watu wanne hautapigiwa kura na mtu. Kwangu hao wanne wenye kuku ni muhimu kuliko elfu nne wenye maoni.

Nakiri pia kwamba matapeli waliingia, wakabandika lebo za uongo ili bidhaa zao zionekane. Soko lolote lina wezi wa mifuko. Hatujafunga soko la Wakulima kwa sababu hiyo.

Ni nini tulichoweka badala yake? Nina saiba ndogo, kompyuta sita na printa mbili, na nimeona kwenye simu za wateja jinsi taifa hili linavyohifadhi mambo. Mtu anatafuta tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo wa HELB. Anajua aliiona. Anaanza kupandisha picha: harusi, mtoto, risiti ya M-Pesa, harusi ile ile, ng'ombe anauzwa, picha ya skrini ya tangazo la kazi la mwaka juzi, na foleni nyuma yake inahema. Mwingine anajitumia viungo mwenyewe kwenye WhatsApp, bila hata neno moja la kueleza ni cha nini, mia na hamsini vimefuatana kama treni ya mizigo. Hakuna lebo, hakuna jirani. Kila mtu ana rundo lake gizani, na wote wanatafuta kitu kimoja.

Ndiyo maana mwaka jana niliweka daftari kwenye kaunta. Counter book ya kawaida, quire mbili, kalamu imefungwa kwa uzi. Nikaandika juu: ukipata ukurasa uliokusaidia, uache hapa, na neno moja la kueleza. Wiki mbili za kwanza walichora moyo na kujaribu kalamu. Kisha mwanafunzi mmoja akaandika anwani ya mitihani ya zamani, akaweka neno "fizikia". Chini yake mwingine: "ina majibu kuanzia uk. 9". Mama mmoja wa Kiamunyi akaacha ukurasa wa chanjo za kuku wa kienyeji, na mwezi huo watu watatu wakaniomba niwachapishie huo huo. Sikuwatangazia. Walikuwa wakisubiri printa, wakafunua daftari.

Sasa tuko ukurasa wa 58. Juzi kijana alikuja mbio na tangazo la kazi ya ughaibuni alilotumiwa na rafiki, akitaka kujaza fomu haraka kabla nafasi hazijaisha. Wakati nikimfungulia mashine akafunua daftari kwa kukosa la kufanya, akasimama kwenye ukurasa mmoja, akaanza kulinganisha anwani iliyo kwenye simu yake na iliyoandikwa pale, herufi kwa herufi, kidole juu ya karatasi. Pembeni yake palikuwa na maandishi ya peni nyekundu, mwandiko wa mtu ambaye hadi leo sijamjua: "kazi – wanaitisha 4,500 ya medical, halafu wanablock". Kijana akarudisha simu mfukoni, akaniuliza kama anaweza kuomba peni.