Dereva haioni taa yake ya nyuma

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, ubishi ule ule hurudi: mwenye gari lenye taa mbovu apigwe faini au aelimishwe? Wanaotetea faini wana hoja. Balbu ni shilingi elfu chache, na uzembe, wanasema, hauponi kwa vipeperushi. Nami sina huruma na anayeshusha lori mlima Kitonga, kule Iringa, usiku akijua taa zake za breki haziwaki.

Ila tukae kidogo na hesabu moja. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva mpaka ashtuke na kukanyaga breki, sekunde moja na nusu imekwenda: mita 33. Lami ikiwa kavu na breki nzima, huongeza nyingine kama 35 kabla ya kusimama. Jumla inakaribia 70. Taa za dimu, zile za kumulika chini, humwonyesha kitu cheusi kikiwa mita 40 hadi 60 hivi mbele yake. Yaani akiiona semitrela isiyo na taa za nyuma, ameshachelewa, na hajavunja sheria yoyote. Kwenye mvua ndiyo kabisa.

Na mwenye semitrela pengine hana habari. Taa ya mbele ikifa, ataona giza. Ya nyuma haioni kamwe akiwa kwenye usukani. Trafiki akimsimamisha mchana, taa zimezimwa na ubovu umejificha. Akikamatwa usiku hulipa faini, kisha huondoka na balbu ile ile iliyoungua.

Hapo ndipo elimu inapodharauliwa bure. Tumeizoea kama mihadhara ya madereva, ilhali wa kufundishwa kwanza ni wanaouona mgongo wa gari: utingo, konda, abiria, mhudumu wa sheli. Tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wengi zaidi wako barabarani gizani, na wengi hawajui kwamba gari chongo, lenye taa moja tu ya mbele, linalokuja mbele, wanalodhani ni bodaboda, laweza kuwa lori zima.

Faini ibaki kwa aliyeambiwa akapuuza. Lakini aambiwe. Pale sheli, mafuta yakishaingia, dereva akanyage breki na kuwasha taa ndogo, mhudumu asimame nyuma amtajie zinazowaka na zisizowaka. Hilo halimalizi dakika moja.